Operesheni ya kuunganisha pingili za kiuno: mwongozo kamili, kuanzia kabla hujasaini mpaka mfupa ushike

Mama yangu alifungwa vyuma mgongoni akiwa na miaka 61, pingili ya nne na ya tano za kiunoni, na mimi ndo nilikua muuguzi wake wa nyumbani kwa miezi minne hapa Dar, kwa hiyo haya mengine nimeyasoma, mengine nimemuuliza daktari mpaka akanichoka, na mengine nimeyaona kwa macho saa tisa usiku. Mi sio daktari. Daktari wako akikwambia tofauti na nilivyoandika mfate yeye, ila muulize kwanini.

Kwanza ujue wanafanya nini hasa

Kiunoni una pingili tano, madaktari wanaziita L1 mpaka L5, chini yake kuna mfupa wa nyonga ya nyuma unaoanza na S1. Katikati ya kila pingili na mwenzake kuna diski, kama kimto hivi, na pembeni zinatoka neva zinazoshuka miguuni. Operesheni nyingi za kuunganisha zinaangukia L4 na L5 au L5 na S1, maana huko chini ndo mzigo wote wa mwili unapotua.

Sasa watu wengi wanadhani ukishawekewa skrubu na nondo bas, mgongo umeunganishwa. Hapana. Chukulia fundi anamwaga slabu ya ghorofa, anasimamisha mirunda chini, anamwaga zege, anasubiri. Skrubu za titani ni mirunda. Zege ni mfupa, yaani vipande vya mfupa ambavyo daktari anavipachika pale, vingi anavitoa hapohapo anapofungua, wengine wanachukuliwa nyongani, wengine wanawekewa mfupa wa kuchangiwa, na mara nyingi kwenye nafasi ya diski panawekwa kijikasha kidogo kilichojazwa mfupa. Huo mfupa ndo unatakiwa uote ushikane na pingili zote mbili ziwe kitu kimoja, na hiyo inachukua miezi 3 mpaka 6, wengine mwaka na zaidi. Mfupa usiposhika, skrubu zinabaki zinafanya kazi ambayo hazikutengenezwa kuifanya milele, zitalegea au zitakatika. Ukilishika hili, masharti yote ya huko mbele utayaelewa bila kugombana na mtu.

Na sio kitu kipya. Mwaka 1911 kule New York madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake alikua anaunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo, bila skrubu hata moja. Kifua kikuu cha mgongo huku kwetu bado kipo, kwa hiyo kama mgongo unauma na unapungua uzito, usiku homa na jasho, sema hayo kwa daktari mapema kabisa, maana TB inatibiwa kwanza kwa dawa na dawa zenyewe Tanzania ni bure.

Hatua ya kwanza: hakikisha hii operesheni inakuhusu

Hapa ntakaa sana maana hapa ndo watu wanaumizwa.

Kuunganisha kunafaa zaidi pale ambapo kuna kitu kinachocheza au kimeharibika na kinaonekana: pingili imeteleza mbele ya mwenzake na inabana neva, mgongo umepinda vibaya, pingili imevunjika kwenye ajali na haiko imara, uvimbe au maambukizi yamekula mfupa, au diski ileile imeshafanyiwa operesheni ikatoka tena na tena. Mama alikua kundi la kwanza, pingili kuteleza kwa sababu ya uzee, na hii inawapata sana wanawake waliovuka miaka 50. Dalili yake ilikua hii: akitembea kutoka nyumbani mpaka gengeni, miguu inakua mizito na kufa ganzi, akiinama kwenye ukuta au akikaa dakika mbili inaachia. Dukani akishika toroli la kusukuma anaenda tu vizuri maana ameinama mbele. Kama hiyo ni hadithi yako basi ni neva zinabanwa.

Lakini kama una maumivu ya mgongo tu, hayashuki mguuni, hakuna pingili inayocheza, picha inasema tu "diski zimechakaa", hapo simama. Tafiti zilizofanyika Norwe na Uingereza miaka ya 2000 zililinganisha kuunganisha pingili na mazoezi makali ya kusimamiwa pamoja na kumuelimisha mgonjwa asiogope kutumia mgongo wake, na tofauti ilikua ndogo mno kwa mtu kupasuliwa kwa ajili yake. Na usitishwe na karatasi ya MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Ukichukua watu wa miaka 50 ambao hawaumwi popote ukawapiga picha, zaidi ya nusu utakuta diski zao zimetuna. Mtu anasoma ripoti "diski tatu zimetoka" anarudi nyumbani anatembea kama amebeba yai, wakati jirani yake mwenye diski nne anacheza mpira.

Diski iliyotoka mara ya kwanza ikabana neva, wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu, na hata ikifika kisu kawaida ni kukitoa kile kipande kinachobana, sio kuunganisha. Hizi ni operesheni mbili tofauti: kutoa mbano, na kuunganisha. Bei tofauti, muda wa kupona tofauti, hatari tofauti. Kwa hiyo swali lako namba moja kwa daktari ni hili: "Daktari, kwanini uniunganishe na sio kunitolea mbano peke yake?"

Mi nililiuliza, tena nikamtajia kuwa mwaka 2016 Uswidi walitoa utafiti kwamba kwa wengi wenye mfereji wa neva mgongoni uliopungua upana, kuongeza vyuma juu ya kutoa mbano hakukuwasaidia zaidi, na 2021 Norwe wakaja na matokeo yanayofanana kwa watu wenye pingili iliyoteleza. Nilitegemea atakasirika. Akachukua eksirei mbili za mama, moja amepigwa ameinama mbele, nyingine amejipinda nyuma, akazipandanisha kwenye taa. Pingili ilikua inatembea wazi, hata mimi wa duka la hadware niliiona. Akasema, "Huyu nikimtolea mfupa unaobana bila kumfunga, nitailegeza zaidi." Hilo ni jibu. Daktari wako akikosa jibu la aina hiyo, au akikwambia "wewe niachie mimi", chukua CD yako ya picha nenda kwa mwingine upate maoni ya pili, hamna dhambi hapo na daktari mzuri hanuni.

Kabla ya kukubali hakikisha pia umejaribu yale mengine kweli, sio kwa kutajwa tu: mazoezi ya viungo kwa wiki kadhaa na mtaalamu, kupunguza uzito, dawa, pengine sindano ya mgongoni. Bamia kwa ajili ya "ute wa mifupa" nimekula na mama mabakuli kwa mabakuli, ni mboga nzuri, mgongo haijui. Na kuchuliwa na wale wa mtaani wanaokukanyaga mgongo wakati pingili inateleza, tafadhali acha.

Kuna hali moja tu ambayo haitaki kusoma miongozo. Ukifa ganzi sehemu za siri na matakoni pale unapokalia tandiko la baiskeli, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka wenyewe, choo kikakuponyoka, au miguu ikaishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hiyo ni neva za mkia wa uti zimebanwa, na zikikaa hivo muda mrefu hazirudi.

Hatua ya pili: hela, bima na damu

Omba mchanganuo kwa maandishi. Uliza vyuma vimo ndani ya bei au vinahesabiwa peke yake, maana sisi tuliambiwa bei moja, wiki ya operesheni ndo tunaambiwa vyuma ni pembeni. Uliza ICU kama itahitajika, dawa za nusu kaputi, mazoezi ya viungo baadae. Kwa wenye bima, awe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya au ya binafsi, kibali kinatakiwa kabla, na ulizia kinalipia nini na ukomo wake ni ngapi, usiridhike na "inalipia".

Wanaoenda India, panga kukaa mpaka nyuzi zitoke na daktari akuruhusu kupanda ndege, rudi na CD za picha, ripoti ya operesheni, na karatasi inayoonesha aina na saizi ya vyuma. Na tafuta kabisa kabla ya kuondoka nani atakuangalia ukirudi, maana wapo madaktari hawapendi kupokea kazi ya mwenzao.

Damu: utaombwa ndugu wa kuchangia. Msisubiri asubuhi ya operesheni, mashangazi wote wana presha na wajomba wote hawajala.

Hatua ya tatu: uandae mwili

Sigara. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu na mfupa mpya unahitaji damu kuota, wavutaji hatari yao ya mfupa kutoshika inakaribia kuwa mara mbili. Acha angalau wiki 4 mpaka 6 kabla na usirudie miezi ya baadae yote. Na hapa wazee wanajidanganya: ugoro ni nikotini, kuberi ni nikotini, shisha pia. Baba mmoja wodini aliapa havuti, ana kuberi mdomoni.

Sukari ishuke na itulie, sio ya asubuhi ile tu, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Sukari ikiwa juu kidonda kinaoza. Mwenye umri mkubwa aulize kuhusu mifupa kuwa laini, maana skrubu kwenye mfupa laini ni kama msumari kwenye boriti lililoliwa na mchwa. Jino bovu, UTI, jipu, vyote vitibiwe kabla, vijidudu vinapenda sana vyuma.

Dawa zote zitaje. Zote, hata za asili, hata ile ya chupa uliyopewa na shemeji. Aspirini, klopidogreli na wafarini zinafanya damu isigande, daktari ndo atakwambia lini usimamishe, usijisimamishie mwenyewe kama una tatizo la moyo. Diklofenaki na ibuprofeni nazo kawaida zinasimamishwa kabla, na madaktari wengi hawataki uzitumie wiki za mwanzo baada ya operesheni wakihofia zinachelewesha mfupa.

Alafu andaa nyumba, hili hospitali hawatakwambia kwa sababu vile vipeperushi vyao vimeandikwa kwa watu wenye masinki na bathtabu. Choo cha kuchuchumaa hutaweza kukitumia kwa wiki nyingi. Sisi tulichukua kiti cha plastiki cha kawaida, fundi akakitoboa katikati, akazungushia mpira pembeni usikate, kinakaa juu ya tundu la choo. Elfu chache tu. Jiko la mkaa la chini weka juu ya meza ya matofali. Ndoo ya kuogea iwe juu ya stuli na kopo lenye mkono. Vyombo na nguo za kila siku viwe usawa wa kiuno mpaka kifua. Kitanda kisiwe cha chini sana, na mtu mwingine ndo atachomekea chandarua, maana kule kuinama na kujipinda kuzunguka godoro ndo kitu kibaya kuliko vyote. Mikeka na vizulia ondoa, mtu anajikwaa.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Kufunga kula utaambiwa saa, fata. Meno ya bandia toa, rangi ya kucha toa na wiki hizo usipake piko vidoleni, maana kuna kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni na rangi inakisumbua. Kwa kawaida unalazwa kifudifudi, nusu kaputi kamili, masaa 2 mpaka 5 kutegemea pingili ngapi. Wengine wanapasuliwa kwa tumboni au ubavuni, na mwanaume anayepasuliwa kwa mbele aulize kabisa kuhusu manii kurudi kibofuni, inatokea kwa wachache lakini kwa anayetaka watoto ni jambo la kujua kabla.

Ndugu mnaosubiri nje, mkimuona ametoka uso umevimba msilie, amelala kifudifudi masaa manne. Koo litauma kwa ajili ya mpira wa kupumulia, atakua na mpira wa mkojo na pengine kichupa kinachonyonya damu kwenye kidonda.

Kabla ya kusaini uwe umesikia hatari kwa masikio yako: maambukizi, kuvuja damu, ngozi ya uti kuchanika na maji kuvuja, neva kuumia, damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni, mfupa kutoshika, na baadae miaka kupita pingili ya jirani kuchoka kwa sababu sasa inabeba kazi ya aliyefungwa. Nyingi hazitokei kwa watu wengi, ila zipo, na daktari akisema "hamna shida kabisa" hajakujibu.

Hatua ya tano: siku za wodini

Siku ya kwanza au ya pili watakusimamisha. Mama alidhani wanamuonea. Lakini kulala tu ndo kunaleta damu kuganda na nimonia.

Kuamka kuna namna yake na ndo somo kubwa kuliko yote. Umelala chali, kunja magoti, alafu geuka ubavu mzima, mabega na nyonga kwa pamoja kama gogo linavyobingirishwa. Shusha miguu nje ya kitanda, wakati huohuo mkono unasukuma godoro, miguu inashuka kiwiliwili kinapanda. Kaa kidogo kizunguzungu kipite, ndo usimame kwa mapaja. Kulala ni hivohivo kinyumenyume. Bibi wa kitanda cha pili alikua anamhesabia mama, "gogo… miguu… sukuma…", mpaka leo tunamtania.

Dawa kali za maumivu zinafunga choo, na kujikamua choo na mgongo wa hivo ni mateso. Papai, maji, mboga, na omba dawa ya kulainisha siku ya kwanza kabla tatizo halijaja. Wengi wanatoka siku ya 3 mpaka ya 5.

Hatua ya sita: nyumbani, ambako ndo operesheni inafaulu au inafeli

Masharti ni matatu: usiiname, usinyanyue, usijipinde. Kilo 4 au 5 ndo mwisho wiki za mwanzo, yaani ndoo ya lita 10 hapana, mjukuu hapana, akitaka kubebwa kaa kwenye kiti yeye apandishwe. Fagio la chelewa sahau. Kudeki, kufua kwa beseni, mbuzi ya kukunia nazi, vyote vina mtu mwingine. Kitu kikianguka chini kiache, au shuka kwa magoti mgongo umenyooka ukiwa umeshika kitu, kama daktari amesharuhusu. Kwa Waislamu, rukuu na sijda mnasali mmekaa kwenye kiti kwa ishara mpaka mruhusiwe, mama hili lilimuuma kuliko kidonda, ilibidi shekhe wa mtaani aje amwambie mwenyewe.

Kazi yako kubwa ni kutembea. Anza dakika tano ndani, mara kadhaa kwa siku, ongeza kidogokidogo. Kukaa usizidishe nusu saa bila kusimama. Mkanda wa kiuno madaktari wanatofautiana, ukipewa vaa kwa muda uliopewa, usiufanye ndo mgongo wako mpya. Kidonda kiwe kikavu. Bodaboda usipande miezi ile mitatu ya mwanzo, tuta moja linatosha. Kuendesha gari wengi wanaruhusiwa kwenye wiki 4 mpaka 6 wakiwa wameacha dawa kali, ofisini wiki 4 mpaka 8, kazi za nguvu miezi 3 mpaka 6. Tendo la ndoa watu wanaona aibu kuuliza, kwa kawaida ni baada ya wiki 6 hivi, na aliyefanyiwa operesheni ndo awe wa kulala chali atulie.

Maumivu ya mguu mara nyingi yanaondoka mapema, hata siku ileile. Ganzi ndo mkaidi, neva inapona taratibu, miezi, na nyingine haiishi yote. Mgongo wenyewe utauma wiki kadhaa, na kuna siku mbaya katikati ya siku nzuri, wiki ya tano mama alilia akasema amedanganywa, wiki ya saba akaenda gengeni na kurudi bila kusimama.

Rudi hospitali haraka ukiona homa, usaha au kidonda kinazidi wekundu. Maji maangavu yasiyo na rangi yanachuruzika kidondani na kichwa kinauma ukikaa lakini ukilala kinaachia. Ndama ya mguu mmoja imevimba inauma. Kifua kinabana na pumzi fupi. Mguu umeishiwa nguvu upya. Au yale ya mkojo na choo niliyosema mwanzo.

Hatua ya saba: picha za ufuatiliaji

Hapa wengi wanatoroka, mtu akijisikia vizuri haoni sababu ya kutoa nauli. Kawaida eksirei ni wiki ya 6, mwezi wa 3, wa 6 na mwaka. Mfupa unaweza usishike na ukajisikia mzima miezi kadhaa, alafu skrubu inakatika ukiwa shambani. Mazoezi ya kuimarisha tumbo na mgongo yanaanza kwa ruhusa, kawaida kuanzia wiki 6 mpaka 12, na usiyaache maana hiyo pingili ya jirani inakutegemea.

Pingili moja ikiungwa hutaona tofauti kubwa kwenye kuinama, mwendo mwingi unatoka nyongani. Titani haizuii MRI huko mbele, lakini waambie, na karatasi ya vyuma vyako ipige picha iwe kwenye simu.

Mama sa hivi ana mwaka na miezi kadhaa. Nazi anakuna, ila mbuzi tumeipandisha kwenye benchi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi. Kiti chetu cha plastiki kilichotobolewa kipo nyumba ya tatu, mzee wa pale amevunjika nyonga.